Aliyekuja Bila Mtu wa Kumleta

Mwanangu Zuhura,

Sikuulizi hali, maana tumetoka kula pamoja sasa hivi na nimeona ulivyokomba sahani. Wala sikuandikii habari za neti, za dawa ya tumbo, au za kutofungua dirisha mbu wanapotoka. Umri wako si wa kuambiwa hayo, na hata ukiambiwa hufuati. Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilolisema jioni, ulipokuwa umelipigia magoti begi lako ili zipu ifunge. Ulilisema huku unacheka. Mimi nikatoka uani nikajifanya naanua nguo, na nguo zenyewe Mama Neema alikuwa ameshazianua.

Ulisema: "Mama, Jumatatu nawasaili watu wangu. Kuna mmoja kanipigia simu leo, wallahi nilidhani ni wewe! Sauti ile ile. Nikamuuliza nani anakufahamu, akanijibu, mama yako ndiye atakayenileta."

Halafu ukaniuliza ni nani huyo na mbona sikukwambia kwamba nina mtu. Nikasema nitakumbuka. Sikuwa na haja ya kukumbuka. Namjua, na sitaki aingie katika nyumba ya wageni unayokwenda kuisimamia, na barua hii yote ni kwa ajili ya hilo. Ningekueleza kwa mdomo, lakini nakujua. Ungecheka, ungesema "mama na majini yako ya Raskazone," nami ningekasirika, tukalala tumenuniana usiku wako wa mwisho hapa nyumbani. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Isome ndani ya basi kabla hujafika Pangani.

Unakwenda kuwa meneja. Nimewatangazia majirani mpaka wamenichoka. Chuoni wamekufundisha kumuuliza mtu vyeti vyake, alikofanya kazi, na anajiona wapi huko mbele. Uliza, si vibaya. Lakini mimi nimekuwa nikiajiri watu katika nyumba hii ya wageni tangu wewe unatambaa, wapishi, wafuaji, walinzi, na baadhi yao nimewajutia. Yupo aliyeondoka na mashuka, huyo nilimlaani kisha nikamsahau. Yupo niliyemfumania amelala kwenye kitanda cha mgeni, kajifunika gubigubi, anakoroma, huyo alinichekesha. Ninayemjutia mpaka leo ni yule ambaye hakunifanyia kosa hata moja.

Nyumba ilikuwa bado ngeni kwetu wakati huo. Baba yako, Allah amrehemu, alikuwa anafanya kazi bandarini, anatoka alfajiri anarudi alasiri. Tulikuwa tumeikodi nyumba hii ya Kijerumani watu wakitushangaa, maana ilikaa tupu muda mrefu na kuta zake zilikuwa zimeota ukungu. Unazijua kuta hizi. Ukisema neno ukumbini, mtu aliye chumba cha juu analisikia kama umemnong'oneza sikioni. Tuliweka vitanda, tukapaka chokaa, wageni wakaanza kuja. Mimi ndiye niliyekuwa mpishi, mimi mpokea wageni, mimi mtandika vitanda, na wewe mgongoni.

Mfanyakazi wangu wa kwanza alikuwa Mama Neema. Alipokuja alikuwa msichana mbichi, hana Neema wala nani, kateremka kutoka Lushoto. Aliletwa na mjomba wake, mzee mmoja Msambaa, Mlutheri mwenye koti zito ambalo hakulivua pamoja na joto lote hili la Tanga. Alikaa barazani, akanywa chai, akauliza habari za watu wa nyumba, kisha akasema: "Nimekuletea mtu. Akikosea, niite mimi. Ukimchoka, nirudishie mimi." Akamshika yule binti mkono, akaniwekea mkononi mwangu. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya huku kwetu, Mwislamu na Mkristo, Mdigo na Mbondei. Mtu haji kazini peke yake. Huletwa, akakabidhiwa. Na aliyemleta ndiye anayekuja kumchukua mambo yakiharibika. Nyinyi siku hizi mnaita mdhamini, mnaandika jina na namba ya simu, na hakuna anayepiga.

Huyo Mama Neema mdomo wake hukuuona ulipoanza. Nikimwambia anike upande wa baharini, ananijibu hewa ya baharini inakausha nusu, nusu inalowesha. Nikimwambia chai ya wageni iive kwa tangawizi, anasema wengine tangawizi inawachoma roho, awaulize kwanza. Kila kitu ana neno lake. Nilikuwa nalala na hasira zake na kuamka nazo. Kumbe alikuwa anaijenga nyumba, mimi sijui.

Mchana mmoja, jua la utosi, mimi niko jikoni na moshi machoni, wewe unalia, mgeni anagonga meza kule ukumbini, na yeye kasimama mlangoni ananieleza kwa nini hawezi kukunja shuka ninavyotaka. Nikapiga kelele: "Laiti ningepata mwingine kama mimi! Mimi wa pili, basi! Sitaki kitu kingine."

Mama Neema alinyamaza. Kunyamaza kwake kulinishtua kuliko kusema kwake.

"Usiombe hivyo, Mama Zuhura," akasema. "Tena saa hizi za jua la utosi, kuna wanaosikiliza."

Nikamwambia aende akapige pasi, mambo ya milimani aache milimani.

Wiki hiyo hiyo, mchana vilevile, nilitoka barazani kumwaga maji nikamkuta mtu amesimama chini ya ngazi. Sikusikia hodi. Alikuwa mwanamke, kanga kiunoni na kanga kichwani, kifurushi kidogo mkononi. Umri wake sikuweza kuukadiria. Nilimkaribisha, akapanda ngazi. Nikamuuliza kwao wapi.

"Huku huku, mama."

"Nani kakuleta?"

"Nimekuja mwenyewe. Nimesikia unatafuta mtu."

"Kazi gani unaijua?"

"Unayoitaka wewe, mama."

"Na jina lako?"

"Niite upendavyo."

Zuhura, mwanangu, hapo ndipo mtu mwenye akili angemwambia ngoja kwanza. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi niliangalia miguu yake nikaona haina kamba, nikafurahi. Nikaona huyu hana mjomba wa kuja kuniomba ruhusa, hana msiba, hana mtoto wa kuugua. Nikajiona nimeokota. Nikampa jina la Salama na nikampeleka jikoni siku hiyo hiyo. Hata chai sikumpa kwanza.

Siku za mwanzo alikuwa ananitazama tu. Nikikata kitunguu, anatazama. Nikitandika kitanda, yuko nyuma yangu kama mtu anayefuata imamu. Hakuuliza swali. Chumvi iko wapi, hakuuliza. Mgeni wa chumba cha kona anakunywa nini, hakuuliza. Kisha akaanza kazi, na kila alichokifanya kilikuwa changu. Uji wake ulikuwa uji wangu, na ule uchachu kidogo ninaouachia. Shuka zilikunjwa pembe zangu, hata lile kosa langu la kupindisha upande wa kushoto kwa sababu ya kidole changu kibovu. Vidole vyake yeye vilikuwa vizima.

Nilishukuru Mungu. Niliwatambia mashoga zangu wa Usagara kuwa nimepata mtu wa ajabu, hana "hapana" kinywani mwake. Mmoja akaniuliza, "Anakula nini?" Nikacheka. Nilipofika nyumbani nikajiuliza, nikagundua sijawahi kumwona akila.

Kwa hiyo sikiliza, na hili hukufundishwa chuoni. Ukimsaili mtu, muulize kazi gani haipendi. Akikwambia anachukia kukwangua masufuria, mchukue. Akikwambia hawezi kuamka mapema bila kupigiwa kelele, mfikirie. Akikutazama machoni akasema anapenda zote, mwagize chai anywe, umtazame akinywa. Simu yake ikilia katikati ya mazungumzo, mama yake anataka kujua kama amefika, usikereke. Hiyo ndiyo kamba mguuni.

Idi ilipofika nikamwambia Salama aende kwao akasalimie watu wake. Akasimama pale mlangoni na ufagio. "Kwetu wapi, mama?" Hakusema kwa uchungu. Aliuliza kama mtu anayeuliza duka liko wapi, akangoja nimjibu.

Kisha ikaja sauti. Niko juu natandika, nasikia mimi niko chini namkaribisha mgeni. "Karibu, baba, karibu, chai iko tayari, pole na safari." Na kile kikohozi changu kidogo kabla ya kusema bei, na kile kicheko changu cha kuomba radhi. Nilisimama na foronya mkononi mpaka yule mgeni akapita mlangoni kwangu na begi lake, akaniona, akageuka kuangalia ngazi alikotoka. Hakulala kwetu. Alisema amekumbuka ana ndugu Makorora.

Baba yako naye. Alirudi alasiri moja kutoka kazini, akakaa kwenye kizingiti cha jikoni ameupa mlango mgongo, kama desturi yake, akaanza kumwaga yaliyomjaa moyoni. Kuna mambo ya kazini yalikuwa yanamtisha na alikuwa hajaniambia. Akasema yote. Na kutoka jikoni akajibiwa, taratibu, kwa sauti yangu, kwamba Mungu yupo na yatapita. Kisha mimi nikaingia kwa mlango wa mbele na kapu la machungwa, natoka sokoni.

Baba yako aliniangalia, akageuka kuangalia jikoni.

"Nimeongea na nani?" akaniuliza.

Nikatua kapu chini.

"Nilianza kushuku," akasema, "maana hukunikatiza hata mara moja. Lakini nilikuwa nimeshamaliza."

Unajua alivyokuwa mtani. Hata kabla ya kufa alikuwa bado ananichokoza kuwa yule alikuwa msikivu kuliko mimi. Nilikuwa nacheka naye, lakini moyoni ilikuwa inanichoma, kwa sababu ilikuwa kweli.

Sasa nafika mahali ninapopaogopa. Hukumbuki, ulikuwa ndio kwanza unatamka maneno yakaeleweka. Nilikuwa nimekufundisha kama mama yangu alivyonifundisha mimi: ukisikia unaitwa na humjui anayekuita, usiitike. Kaa kimya. Sisi wa pwani sote tumelelewa hivyo, maana si kila kinachojua jina lako ni mtu. Ulilishika vizuri somo hilo. Ulikuwa unaweka kidole mdomoni ukinionyesha jinsi utakavyonyamaza.

Mchana mmoja ulikuwa unacheza uani, kwenye kivuli cha ukuta. Nikakuita uje unywe uji. "Zuhura!" Hukugeuka. Nikakuita tena, nikakusogelea, nikachuchumaa mbele yako. Ukaniangalia usoni kwa macho makavu, ukaweka kidole mdomoni. Kisha ukanong'ona, si kwangu, bali kwa mdoli wako: "Mama kasema tusiitike. Huyu hatumjui."

Na kutoka jikoni nikajisikia nakuita. "Zuhura, mwanangu, njoo." Ukaitika "Abee, mama!" ukainuka mbio, ukanipita.

Looo! Nilikaa pale pale chini kwenye mchanga. Sikulia. Nilijipapasa uso, mwanangu, kama mtu anayetafuta miwani yake. Kwa muda ule mfupi sikuwa na hakika. Niliogopa nikiingia jikoni nitakuta mama yako amekupakata, na mimi ndiye mgeni.

Nilimfukuza Salama siku hiyo. Nilimpa haki yake yote na kanga mpya juu yake. Akapokea kwa mikono miwili. "Sawa, mama." Nikamsindikiza hadi getini, nikalifunga kwa mkono wangu. Asubuhi niliamshwa na sauti ya ufagio wa chelewa. Alikuwa anafagia uwanja, mistari imenyooka ninavyopenda.

"Salama, si nilikwambia uondoke?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona umerudi?"

"Nilifika mpaka mwisho wa njia. Hapakuwa na mtu wa kunipokea."

Nikamfukuza tena. Akasema sawa, na kesho yake akawa yupo. Baba yako akampakia kwenye teksi, akampeleka stendi, akampandisha basi la Korogwe, akasimama hapo mpaka basi likapotea. Alirudi anapiga mluzi. Mluzi ukamkatikia mlangoni, kwa sababu Salama alikuwa jikoni amekaa kwenye mkeka, ungo mapajani, anachagua mchele. Baba yako alivua viatu akakaa chini.

Mama Neema ndiye aliyeniambia. Kwa wiki kadhaa alikuwa hazungumzi, anafanya kazi yake anaondoka, nami nilikuwa nimeona raha ya ukimya wake. Siku hiyo akaweka pasi chini.

"Mimi ukinichoka unajua pa kunipeleka," akasema. "Mjomba wangu yupo. Huyu utamrudisha kwa nani? Hukupewa na mtu. Ulimwomba mwenyewe, akaja mwenyewe. Ni wako huyu, Mama Zuhura, utazeeka naye."

Nikaenda Makorora kwa shangazi yangu, Bi Mwanajuma, ambaye tumemzika mwaka huu kabla ya Ramadhani. Nikamweleza yote. Alinisikiliza anatafuna tambuu, kisha akanicheka, alikuwa na kicheko kibaya yule mama. "Umeoa bila walii wa kukukabidhi mke," akasema, "sasa unataka talaka umpe nani?" Lakini kesho yake alikuja. Alivaa buibui lake la kwenda harusini, akakaa barazani pale pale alipokaa mzee wa Lushoto, akaomba chai, akauliza habari za watu wa nyumba mmoja mmoja. Kisha akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni:

"Nimekuja kumchukua mtu wangu. Mimi ndiye niliyekuletea. Kama ana kosa, nisamehe mimi."

"Hana kosa," nikasema. Nilijisikia kama nashuhudia uongo mahakamani, na huo ulikuwa ndio ukweli.

Salama akatoka. Kifurushi chake alikuwa nacho mkononi, hakuambiwa akifunge. Bi Mwanajuma akanyoosha mkono, akaushika. Pale ngazini Salama akageuka, na kwa mara ya kwanza hakusema kwa sauti yangu. Ilikuwa sauti ndogo, kavu, kama ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kuitumia.

"Mama," akasema, "nilikosea nini?"

Nimekaa na swali hilo miaka yote hii. Hakukosea. Nilimwomba awe mimi, akawa. Mwenye kosa ni aliyetaka mtumishi asiye na kwao, asiye na neno lake, asiye na hata jina mpaka nimpe. Ningemwambia hivyo. Lakini nilikuwa na hofu, nikaangalia chini, akaenda.

Wewe ulilia siku nyingi. Ulikuwa ukiniangalia kwa pembe ya jicho, hukubali nikuogeshe. Nilijaribu kukuita kwa upole, nikakuimbia, nikakupa kila ulichotaka, na kadiri nilivyokupa ndivyo ulivyozidi kujikunyata. Kisha asubuhi moja Mama Neema akaanika mashuka upande usiotakiwa, nikatoka nikamfokea, naye akanifokea, tukagombana pale uani mpaka jirani akachungulia. Katikati ya ugomvi nikahisi kitu mguuni. Ulikuwa umenikumbatia goti, umelaza shavu, umefumba macho. Ukasema, "Mama." Sikumaliza kugombana. Nilikubeba, nikalia mpaka Mama Neema naye akalia, na mashuka yakabaki pale pale alipoyaanika.

Salama alikaa Makorora kwa Bi Mwanajuma. Ndiyo maana nilikuwa sikupeleki kule, na wewe ukininung'unikia kuwa nakunyima bibi. Mimi nilikwenda, lakini barazani tu, mchana, na nilikuwa nakaa mkao wa kuondoka. Majirani walinipa pole: shangazi yako siku hizi kawa mpole, hagombani na mtu. Nilikuwa naitikia huku nautazama mlango wa ndani, maana shangazi yangu hajawahi kuwa mpole, wala siku hizo hakuwa. Alikuwa ndani, amechoka, anamwacha Salama atoke na buibui lake na sauti yake.

Nilipomuuguza mwishoni alinishika mkono. "Mimi nilikuazima jina langu tu," akasema. "Nikifa, mtu wako atakutafuta." Tulipomaliza matanga nikazunguka nyumba nzima, chumba kwa chumba. Hakuwepo. Hakuna aliyemwona akitoka, na wengine waliniuliza nani, maana walikuwa hawajui kwamba mle ndani walikaa wawili. Nikajidanganya kwamba yamekwisha.

Hakunitafuta mimi, Zuhura. Kakutafuta wewe. Wewe ndiye unayetaka watu sasa. Na nilikusikia juzi ukimwambia rafiki yako kwenye simu kuwa laiti ungepata mmoja wa kufanya kazi kama wewe, wengine wangekuwa wa ziada. Nilitaka kukuziba mdomo. Ulikuwa umesimama uani, jua la utosi, na mimi nikajiambia, mwache, siku hizi mambo hayo hayapo.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuandika neno moja tu, usimwajiri. Sasa nimeandika mpaka hapa na naona halitoshi. Ukimkatalia atasema sawa, na asubuhi utasikia ufagio. Watu wako wengine wataanza kumpenda, kwa kuwa hana ubishi. Tajiri wako atamsifu. Ipo siku utamwita mtu, naye akuangalie kama hakujui, na mimi niko mbali sitakuwa na habari. Nikipiga simu, nitajuaje ni nani aliyepokea?

Kwa hiyo hivi ndivyo itakavyokuwa, na usinibishie. Jumatatu nitapanda basi la kwanza. Nitafika kwako kabla hujaanza kusaili mtu. Niwekee kiti barazani na unipe chai, na uniulize habari za watu wa nyumba hata kama unazijua. Atakapokuja, nitasema mbele ya watu kwamba ni mtu wangu, nimekuja kumchukua, na akiwa na kosa nisamehewe mimi. Safari hii maneno hayo hayatakuwa uongo. Kisha nitamshika mkono nirudi naye hapa Raskazone. Chumba cha nyuma kipo. Nitampa chai kwanza, jambo ambalo sikulifanya. Nitamuuliza anapenda nini, na asipokuwa na jibu nitangoja. Na lile swali lake nitalijibu, nimeshakaa nalo vya kutosha. Mama Neema nimemweleza jioni hii. Amesema nina wazimu, kisha akaenda kukisafisha kile chumba.

Usije ukanizuia stendi. Usilie mbele ya wafanyakazi wako siku ya kwanza, watakudharau. Wachague wenye kwao na wenye maneno yao, hata kama watakuudhi, na wewe uwaudhi kidogo, ndio kuishi.

Nami nitakupigia simu kila Ijumaa baada ya swala. Kabla hujanisalimia, niambie jambo la kipuuzi. Niambie umeacha kazi, au unataka kuolewa na mwanamume uliyemwona jana tu. Ukisikia nimekujibu "sawa, mwanangu," kata simu, mpigie Mama Neema, mwambie aje chumbani anitafute. Lakini nikikufokea mpaka ukaweka simu mbali na sikio, tulia, mama, uniamkie shikamoo yangu, maana ni mimi.

Mama yako